Ukuta hai, uzio wa mizinga, pilipili na taa za kumulika: kipi kinafaa kwa kijiji kinachopakana na hifadhi

Simba anayeuawa kwa kisasi hapa Tanzania kwa kawaida hufia nje ya hifadhi, siku moja au mbili baada ya zizi kuvunjwa. Tembo anayepigwa mkuki naye mara nyingi ametokea kwenye shamba la mahindi. Kwa hiyo mapitio haya hayahusu kambi za watalii wala darubini. Yanahusu vifaa ambavyo mfugaji au mkulima wa mpakani anaweza kuvijenga au kuvinunua: ukuta hai wa zizi, uzio wa mizinga ya nyuki, pilipili pamoja na zana za kufukuzia, na taa za kumulika usiku. Uzio wa umeme tutaugusa kidogo tu, kwa sababu ni nadra familia moja kuumudu.

Nchi yetu ina hifadhi za taifa 21, ina Ngorongoro, mapori ya akiba na jumuiya za hifadhi za wanyamapori zinazosimamiwa na vijiji. Sehemu kubwa ya mipaka hiyo haina uzio, na ingekuwa hasara kubwa kuuweka. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka kwenda nyanda za Simanjiro, ambako nyasi zina madini wanayoyahitaji majike wanaonyonyesha, na simba huwafuata huko huko, katikati ya ng'ombe wa watu. Ukiwafungia ndani ya hifadhi umewaua kwa njia nyingine. Kuhusu tembo, hesabu za Tanzania zilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili wa pembe, na mwaka 2021 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka tembo wa savana katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Idadi ilianza kupanda tena baada ya ujangili kubanwa, na tembo wanapoongezeka huku mashamba nayo yakisogea, kukutana shambani ni jambo la kila msimu. Kifaa kinachomzuia mnyama asiingie kwa mtu ni kifaa cha uhifadhi sawa kabisa na gari la doria, na kinastahili kukaguliwa kwa ukali uleule.

Ukuta hai

Hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote vilivyomo humu, kwa mfugaji. Ili kuelewa kwa nini, lazima uelewe zizi la miiba linavyoshindwa.

Watu wengi hudhani simba huruka ukuta wa matawi ya migunga na kumbeba ng'ombe. Mara nyingi hahitaji kuruka. Huja upande upepo unakotokea, harufu yake inawafikia ng'ombe, wanataharuki, wanarundikana upande wa pili na kuusukuma hadi miiba inafumuka. Wakishatoka gizani, simba wanachagua. Hasara kubwa ya usiku hutokea nje ya zizi, na aliyebomoa ukuta ni ng'ombe mwenyewe. Fisi hutumia njia nyingine: hutafuta mahali ambapo matawi yamekauka na kulegea, anajipenyeza chini. Chui hulenga mbuzi na ndama, naye huruka kweli. Kwa hiyo ukuta unaofaa lazima uhimili msukumo kutoka ndani, uzibe chini, na uwe mrefu juu. Miiba haifanyi hata kimoja kati ya hivyo baada ya miezi michache ya jua, na kila ukiirudishia unakata migunga mingine.

Ukuta hai ulianzia Loibor Siret, wilayani Simanjiro, ambako shirika la African People & Wildlife na wafugaji wa hapo waliunganisha vitu viwili: wavu wa chuma uliosukwa, ule unaozungushiwa shule na viwanja na ambao madukani huitwa cheni linki, na nguzo za miti iliyo hai. Mti unaotumika ni mbambara, ambao Wamaasai huuita osilalei. Ukikata tawi lake nene na kulichomeka ardhini, linatoa mizizi na kuchipua. Matokeo ya maboma hayo yalichapishwa kitaalamu mwaka 2015, na karibu yote hayakupoteza mfugo usiku kwa simba, fisi wala chui. Hakuna kifaa kingine katika mapitio haya chenye rekodi ya namna hiyo.

Hesabu yake ni rahisi. Zizi la mviringo lenye kipenyo cha mita 40 lina mzingo wa mita 126 hivi. Ukiweka nguzo kila mita moja unahitaji nguzo 126, na kama rola ya wavu ina urefu wa mita 18 unahitaji rola 7. Rola 7 ni mita 126 kamili, bila chochote cha kupishanisha, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ondoa mita 3 za mlango na utapata ziada ya kupishanisha miisho ya wavu kwa sentimita 40 kila inapokutana. Ukitaka milango miwili, mmoja wa ng'ombe na mwingine wa mbuzi, pima upya kabla ya kwenda dukani. Chagua wavu uliopakwa zinki, wenye kimo kisichopungua mita 1.8, na waya mnene. Ule mwembamba wa bei nafuu hufunguka ukipata msukumo, na ukishafunguka tundu moja yale ya jirani nayo yanaanza kulegea.

Kazi yenyewe ina majira yake. Nguzo hukatwa mwishoni mwa kiangazi, kabla mbambara haujaanza kutoa majani, kwa sababu wakati huo mti umehifadhi nguvu zake shinani na matawini. Kata vipande vya mita 2.5 hadi 3, unene wa mkono au zaidi, na uviweke kivulini siku kadhaa ili kidonda kikauke. Kikichomekwa kikiwa kibichi kwenye udongo wenye maji, kinaoza. Weka alama upande wa chini: kipande kikichomekwa kichwa chini hakichipui. Chimba nusu mita, simika kabla tu ya mvua, shindilia udongo vizuri. Usikate mti mmoja hadi ukabaki gogo. Chukua matawi mawili matatu kwa kila mti na uende kwa mwingine.

Wavu hufungwa kwenye nguzo kwa waya wa kufungia, na hapa kuna kosa linalojirudia sana. Fundi anaukaza waya hadi unabana gome. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza, wa tatu mti umenenepa na waya umeukata, na nguzo inakufa hapo hapo kwenye fundo. Acha nafasi ya kidole kati ya waya na gome, kisha ulegeze kila mwaka. Chini, fukia wavu sentimita 30 hivi au upange mawe makubwa pembeni yake kwa nje, la sivyo fisi atachimba. Kwa miezi sita ya mwanzo nguzo zisifikiwe na mbuzi, maana majani machanga ya mbambara wanayapenda na watamaliza kila chipukizi. Zizi la zamani liendelee kutumika kipindi hicho, au tandika miiba kuzunguka nguzo kwa ndani.

Kwa nini nguzo hai na siyo za mbao kavu? Mchwa. Nguzo kavu katika udongo wa nyanda hizo huliwa usawa wa ardhi, na ukuta unaanza kuinama ukiwa bado mpya. Nguzo hai inazidi kupata nguvu, na matawi yanayochipua juu ya wavu yanaongeza kimo bila gharama. Baada ya misimu michache chui haoni pa kutua.

Mlango ndio udhaifu. Ukuta ukiwa imara namna hii, mnyama yeyote anayeingia ataingia mlangoni, na bado kuna familia zinazojenga mita 123 za wavu kisha zinafunga mlango kwa tawi la mgunga. Mlango uwe wa fremu ya mbao ngumu au chuma, uzibwe kwa bati nene, na bati la mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa linafaa sana. Ufunguke kwa ndani ili ng'ombe wakisukuma wasiufungue, wajikute wanaukaza kwenye mhimili wake. Nafasi chini ya mlango isizidi upana wa kiganja.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji na wafadhili hulitaja kwa nadra. Zizi la miiba lilihamishwa. Samadi ikijaa, familia ilisogea mita mia na kuanza upya. Ukuta hai hauhami, na samadi inabaki ikipanda mwaka hadi mwaka. Sakafu ikipanda sentimita 40, ukuta wako wa mita 1.8 kwa ndani umebaki mita 1.4, na mfugo unasimama kwenye tope lenye kupe na magonjwa ya kwato wakati wa masika. Panga tangu mwanzo nani atakayeondoa samadi kila kiangazi. Mahali palipo na wakulima jirani, samadi hiyo inauzika. Pasipo na soko, ni kazi ya vijana wa boma na lazima ihesabiwe kama gharama.

Ukuta hai haumzuii tembo, na haufanyi kazi mchana. Mbwa mwitu na duma huwinda mchana, malishoni, na wote wawili ni wachache kiasi kwamba kila mmoja anayeuawa anahesabika. Dhidi yao kinga ni mchungaji mtu mzima. Kundi linaloachiwa mtoto wa miaka minane hutawanyika, na mbuzi aliyebaki nyuma ndiye anayepotea. Wanyama waliosahaulika malishoni wakalala nje ni sehemu nyingine kubwa ya hasara, kwa hiyo kuhesabu mifugo inapoingia jioni ni sehemu ya matumizi ya kifaa hiki kama ilivyo kufunga mlango.

Na pale ambapo zizi linavunjwa mara kwa mara, kinachofuata ni sumu. Dawa ya kuulia wadudu hunyunyizwa kwenye mzoga wa ng'ombe ili simba akirudi afe. Anakufa yeye, fisi, mbweha, na tumbusi kwa makumi, kwa sababu tumbusi hula kwa kundi. Tumbusi mgongo mweupe yupo katika kundi la juu kabisa la hatari ya kutoweka tangu mwaka 2015. Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kumaliza tumbusi wa eneo zima, na tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu. Ukiweka gharama ya rola 7 za wavu pembeni ya hasara hiyo, hakuna mjadala kuhusu nani anapaswa kusaidia kulipia.

Uzio wa mizinga

Sifa zake zimevuma kuliko ukuta hai, na kwa kiasi kikubwa unastahili sifa hizo. Mtafiti Lucy King, akifanya kazi na shirika la Save the Elephants nchini Kenya, alionyesha mwaka 2007 kwamba tembo wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa hukimbia. Ngozi ya tembo ni nene, lakini kuzunguka macho na ndani ya mkonga hawezi kuvumilia kuumwa. Kutokana na hilo ulitengenezwa uzio wa mizinga inayoning'inia, na ulijaribiwa kwa muda mrefu zaidi huko Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki. Kwenye vijiji vya Mwakoma na Mwambiti, kati ya 2014 na 2020, tembo 3,999 walihesabiwa wakikaribia mashamba 26. Katika misimu ambayo mazao yalikuwa yameiva, uzio uliwarudisha wastani wa asilimia 86.

Asilimia hizo zinatajwa kila mahali. Kinachotajwa kidogo ni upande wa pili wa utafiti huohuo: ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki na asali kwa asilimia 75, na athari ikadumu zaidi ya miaka mitatu. Mzinga mtupu ni sanduku la mbao. Tembo wanajifunza haraka, na uzio ambao nyuki wamehama hauwazuii kwa muda mrefu. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua ni maji na maua vilivyopo mwezi wa tisa na wa kumi, wala si idadi ya tembo wanaopita. Kama eneo halina chanzo cha maji ndani ya umbali mfupi, weka beseni lenye mawe au vijiti juu ya maji, nyuki wapate pa kutua wasizame, na mtu maalum wa kulijaza. Mkulima asiyekuwa tayari kufuga nyuki kama anavyofuga kuku asinunue uzio huu.

Mpangilio ni huu. Kila mzinga unaning'inia katikati ya nguzo mbili zilizoachana mita 3, kisha inafuata nafasi ya mita 7, halafu jozi nyingine ya nguzo. Jumla ni mita 10 kwa kila mzinga. Ekari moja ya mraba ina mzingo wa mita 254 hivi, kwa hiyo unahitaji nafasi 25. Si lazima zote ziwe na mizinga: moja mzinga wa kweli, inayofuata kipande bapa cha ubao kilichopakwa rangi ya njano, na kuendelea hivyo. Mizinga 12 au 13 inatosha ekari moja. Mzinga uwe usawa wa kifua cha mtu mzima, ili mavuno yasihitaji ngazi na tembo asipite chini yake.

Waya ndio moyo wa kifaa, na waya ndio unaokosewa zaidi. Unatumia waya laini usio na miiba, geji 12 hadi 14, na unaunganisha mzinga kwa mzinga. Haufungwi kwenye nguzo. Tembo akisukuma waya kwa kifua, mizinga miwili ya kulia na kushoto inayumba na nyuki wanatoka. Ukifunga waya kwenye nguzo, msukumo wa tembo unaishia kwenye nguzo, nguzo inavunjika, mizinga inabaki imetulia na tembo anaingia. Ukitaka kujua kama uzio umejengwa sawasawa, mtu aliyevaa mavazi kamili ya kinga ausukume waya katikati ya nafasi ya mita 7 wakati mizinga bado haina nyuki. Mizinga yote miwili lazima iyumbe.

Mzinga wenye vijiti vya juu ambavyo nyuki hujengea masega unafaa kuliko ule wa fremu kwa mkulima anayeanza, kwa kuwa fundi seremala wa kijijini anaweza kuutengeneza na kuurekebisha. Wa fremu hutoa asali safi zaidi lakini vipimo vyake havivumilii makosa ya milimita chache. Mzinga wa gogo ni mzito na hauyumbi vizuri. Ndani paka nta kidogo kwenye vijiti ili kuvuta kundi linalotafuta makazi, na usitarajie mizinga yote ikaliwe msimu mmoja. Juu weka paa la nyasi au bati lenye nafasi ya hewa katikati, kwa sababu joto likizidi nyuki huondoka.

Kuning'inia kunasaidia dhidi ya nyegere. Dhidi ya siafu paka grisi kwenye waya za kuning'inizia, na uirudie kila inapokauka au kujaa vumbi. Nondo wa nta huingia kwenye mizinga yenye makundi dhaifu, kwa hiyo masega ya zamani meusi yaondolewe. Majani chini ya uzio yafyekwe, vinginevyo siafu wanapanda kwa njia nyingine na waya unakwama. Usifunge mbuzi wala punda kwa kamba karibu na uzio. Nyuki wakichokozwa, mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia na atakufa.

Udhaifu wa usiku ni wa kweli. Tembo wengi huingia mashambani giza likishatanda, na nyuki usiku wenye baridi hawatoki kwa wingi. Kumbukumbu ya tembo ndiyo inayobeba kazi hiyo: aliyeumwa mara moja huheshimu harufu na umbo la uzio. Kundi la madume vijana ambao hawajawahi kuumwa litajaribu. Pia uzio unaoishia katikati ya kijiji huhamishia tatizo kwa jirani. Upande wa mashariki wa Milima ya Udzungwa, katika Bonde la Kilombero, ambako uzio wa pamoja ulijengwa kando ya mpaka wa hifadhi, tembo walijifunza kuzunguka miisho yake. Kama kijiji kinakusudia kujenga wa pamoja, kianze na kufunga pengo lote hata kama ni kwa hatua za misimu kadhaa, na kiache wazi ushoroba, yaani mapito ya wanyama, unaotumika. Ukiziba njia ya tembo ya kwenda kwenye maji, hakuna nyuki watakaotosha.

Kwa shamba dogo lenye maji karibu na mkulima aliye tayari kuvuna asali, huu ni ununuzi mzuri, na asali inarudisha sehemu ya gharama. Kwenye eneo kavu la alizeti na mtama lisilo na maua kiangazi, fedha hiyo itumie kwingine.

Pilipili na zana za kufukuzia

Uzio wa pilipili ndio wa bei nafuu kuliko vyote. Pilipili kichaa iliyosagwa huchanganywa na oili chafu ya gari hadi uji mzito unaoshika kitambaa, kisha hupakwa kwenye kamba za katani na vipande vya nguo vinavyoning'inia kati ya nguzo. Nguzo kila mita 5 zinatosha, kamba mbili, na nafasi ya mita 5 kati ya kamba na mazao ili mkonga usifike. Oili inazuia mvua isioshe pilipili mara moja, lakini baada ya mvua kubwa upake tena, na wakati wa jua kali pia, kila wiki mbili au tatu. Uzio huu unakufa kwa uvivu. Wiki ambayo mahindi yanakomaa ndiyo ambayo watu wamechoka na pilipili imeisha ghalani, na tembo huja wiki hiyohiyo. Panda pilipili yako mwenyewe pembeni ya shamba, maana tembo hali pilipili, na utakuwa na akiba. Oili chafu nayo ina madhara kwa udongo na visima, kwa hiyo changanya kwenye ndoo juu ya turubai na usimwage mabaki.

Kuna pia tofali la kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, likakaushwa na kuchomwa jioni upande upepo unakotokea. Moshi wake unawasha kweli, kwa tembo na kwa binadamu, na upepo ukigeuka mlinzi ndiye anayekimbia. Tumia kwa usiku mmoja mmoja, usilitegemee msimu mzima.

Kitu kilichoongeza usalama wa walinzi wa mashamba ni seti ya hatua nne iliyosambazwa na shirika la Honeyguide katika vijiji vya kaskazini. Unaanza na tochi kali ya kumulika, ukishindwa honi ya hewa, kisha kilipuzi cha pilipili, na mwisho kabisa fataki za kurushwa angani. Kilipuzi hutengenezwa kwa kondomu iliyojazwa pilipili ya unga na mchanga pamoja na baruti ndogo. Kikilipuka, vumbi la pilipili linatanda mbele ya tembo. Nguvu ya seti hii ni mpangilio. Walinzi wakianza na fataki usiku wa kwanza, tembo wanazizoea na hakuna kinachobaki. Timu iwe ya watu wanne au zaidi, wakae upande mmoja, wamwachie tembo njia ya kurudi porini. Kumzunguka tembo kwa kelele pande zote ndiko kunakoua watu. Jike mwenye ndama asikaribiwe hata kwa tochi. Piga honi kutoka mbali na usubiri.

Taa za kumulika

Kijana Richard Turere wa Kitengela, pembeni ya Hifadhi ya Nairobi, aligundua akiwa bado mwanafunzi kwamba simba huogopa taa inayotembea, akaunganisha paneli ya jua, betri na kile kifaa kinachowasha na kuzima taa za ishara za pikipiki, akazungushia zizi la baba yake balbu zinazomulika kwa zamu. Wazo hilo limesambaa, na sasa kuna taa za dukani zinazojiwasha giza likiingia.

Zinafanya kazi, kwa muda. Utafiti uliofanyika kuzunguka hifadhi hiyohiyo ya Nairobi ulionyesha mashambulizi ya usiku yakipungua kadiri maboma yenye taa yalivyoongezeka, na mashambulizi ya mchana yakichukua nafasi yake. Taa zikimulika kwa mpangilio usiobadilika mwezi mzima, simba na hasa fisi wanazoea. Badilisha mahali na mpangilio kila wiki mbili. Zielekeze nje, usawa wa kiuno cha mtu, na zisimulike ndani ya zizi, kwani ng'ombe wasiolala hawaongezeki uzito wala maziwa. Paneli ifutwe vumbi kila siku chache, na waya zifichwe ng'ombe wasizitafune. Betri ndiyo inayoharibika kwanza, na ndiyo inayoibwa kwanza.

Tunashauri zitumike kama kinga ya miezi ambayo unasubiri mbambara zichipue, au kwenye maboma ya muda wakati wa kuhama na mifugo. Hazichukui nafasi ya ukuta.

Kuhusu umeme: uzio wa volti elfu kadhaa humrudisha tembo pale waya zinapokuwa safi, lakini jani moja refu linalogusa waya hupeleka umeme ardhini, na madume wakubwa hujifunza kukata waya kwa pembe, ambayo haipitishi umeme. Unahitaji mtu wa kufyeka na kupima umeme kila siku. Ni kifaa cha halmashauri au mradi wenye bajeti ya kudumu, na usijengwe kabla ya kujua shoroba zilipo.

Wengi watauliza kama kifuta jasho hakitoshi, badala ya gharama zote hizi. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na wanyamapori wakali, lakini zenyewe zinasema wazi kwamba hiyo si fidia. Hata hivyo usiache kudai. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya mapema, kabla mvua haijafuta nyayo, piga picha za nyayo ukiweka kitu cha kupimia pembeni, na usihamishe mzoga hadi ukaguliwe. Ukiwa na ukuta hai, picha ya mlango na wavu usiku huo inasaidia kuonyesha mnyama aliingilia wapi, na inakuambia pia sehemu ya kurekebisha kabla jua halijazama.